Je, asiyewahi kuwa mchezaji mkubwa anaweza kuwa kocha wa kulipwa wa magongo ya barafuni?

Ndugu mleta uzi ameuliza mambo mawili: kwanza, kama mpwa wake wa miaka 22, aliyeacha kucheza magongo ya barafuni kwa sababu ya goti, anaweza kuwa kocha wa kulipwa ilhali hana jina lolote la uchezaji; na pili, kama kazi hiyo inaweza kumtunza mtu hadi uzeeni. Waliotangulia kujibu wamesema kwa mkato kwamba haiwezekani. Mimi nipo katika kazi hiyo kwa mwaka wa 13 sasa. Nilianza kama mtu wa video, yaani anayekata picha za mechi kwa ajili ya kocha, kwa miaka 4, nikawa kocha msaidizi wa mabeki kwa miaka 5, nikashika ukocha mkuu wa timu ya daraja la pili kwa miaka miwili kasoro, na sasa nimerudi kuwa msaidizi. Nilicheza hadi ngazi ya vijana tu, tena nikiwa wa kusugua benchi, kwa hiyo naomba mniruhusu nijibu kwa kirefu.

Kuhusu swali la kwanza, hoja ya jina haina mashiko makubwa kama inavyodaiwa. Scotty Bowman, ambaye uchezaji wake ulikatizwa na jeraha la kichwa angali kijana, ndiye kocha aliyeshinda mechi nyingi kuliko wote katika NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, mechi 1,244 za msimu wa kawaida, na alitwaa Kombe la Stanley, yaani kombe la bingwa wa ligi hiyo, mara 9 akiwa na timu za Montreal, Pittsburgh na Detroit. Jon Cooper alikuwa wakili kabla ya kuingia kwenye ukocha. Alipanda kupitia timu za vijana, akatwaa ubingwa wa AHL, ligi iliyo chini ya NHL, mwaka 2012 akiwa na Norfolk, na Machi 2013 akakabidhiwa timu ya NHL ya Tampa Bay. Hata hivyo tusidanganyane: mchezaji aliyestaafu akiwa na mechi mia kadhaa hupokelewa kwa mlango wa mbele, ilhali sisi wengine tunazunguka nyuma na kubisha hodi kwa muda mrefu. Mlango huo wa nyuma, siku hizi, ni video.

Roger Neilson, aliyeifundisha Toronto kuanzia mwaka 1977, alitaniwa kwa sababu ya kuwaonyesha wachezaji kanda za video wakati wenzake hawakuona maana yake. Leo karibu kila timu kubwa ya kulipwa ina mtu wa kazi hiyo. Kazi yenyewe haina fahari. Mechi inakwisha, wachezaji wanaoga, basi linaondoka saa tano usiku, nawe umekaa kiti cha mbele huku kompyuta ikikuunguza mapaja, unakata vipande vya sekunde 10 hadi 15: kila mara tulipoingia eneo la mpinzani, kila mara tulipopoteza paki, yaani kile kisahani cha mpira mgumu, karibu na mstari wetu wa buluu, ule unaotenga eneo letu la ulinzi, na kila zamu ya kila beki. Asubuhi kocha mkuu anataka vipande 12 tu, si 60. Kuchagua hivyo 12 ndiko kulikonifundisha ukocha kuliko kozi yoyote niliyohudhuria, kwa sababu ulipaswa kuamua lipi ni kosa la mchezaji, lipi ni kosa la mpango wetu, na lipi ni bahati mbaya tu ambayo haifai kumpotezea mtu usingizi.

Kozi zenyewe ni lazima, na mpwa wako asizikwepe. Nchini Marekani, kwa mfano, shirikisho la USA Hockey lina ngazi 5 za mafunzo ya ukocha, na nchi nyingine zina mifumo yao. Vyeti vitamfikisha mezani, lakini havitamfundisha benchi.

Hapo kwenye benchi nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo kazi ilipo na ndipo watazamaji wasipopaangalia. Timu huwa na wachezaji 5 barafuni pamoja na golikipa, na wengine wote wanasubiri zamu yao; kikosi hugawanywa katika safu 4 za washambuliaji watatu watatu na jozi 3 za mabeki. Zamu moja huchukua takriban sekunde 45, na wachezaji hubadilishana bila mchezo kusimama, wakiruka ukuta au kupita kwenye kilango. Kocha mkuu anatazama mchezo mzima, huku msaidizi mmoja akiwapanga washambuliaji na mwingine mabeki, kwa kuwagusa bega na kuwatajia majina ya wanaofuata. Ukichelewa sekunde 10, una watu waliokwisha pumzi mbele ya golikipa wako. Ukiwahi sekunde 2, una watu 6 barafuni bila kumhesabu golikipa, na adhabu ya dakika 2 za kucheza pungufu kwa mtu mmoja.

Mambo huwa magumu zaidi katika kipindi cha pili. Timu hazibadilishani mabenchi lakini hubadilishana magoli, kwa hiyo katika kipindi hicho goli letu huwa mbali na benchi letu, na beki aliyechoka ana safari ndefu ya kurudi. Katika mwezi wangu wa nne kama msaidizi, jozi yangu ya pili ilikuwa imekaa barafuni zaidi ya dakika moja na nusu, nikawaita wakati paki haijavuka mstari mwekundu wa kati. Mpinzani akaikatiza. Mabeki wangu wote wawili walikuwa wamewapa mgongo, wakikimbilia kilango nilichokuwa nimekifungua kwa mkono wangu mwenyewe, na washambuliaji wawili wakamwendea golikipa wetu peke yake. Kocha mkuu hakunifokea. Alinigeukia tu, akainua vidole viwili, yaani kipindi cha pili, kisha akaendelea kutazama mchezo. Nimesahau matokeo ya mechi hiyo, lakini vile vidole sijavisahau.

Msidhani ni makosa ya wachanga pekee. Mwezi Mei 1979, Boston chini ya Don Cherry walikuwa wakiongoza mechi ya saba ya nusu fainali dhidi ya Montreal ya Bowman, zikiwa zimesalia dakika chache. Wakaadhibiwa kwa kuwa na wachezaji wengi mno barafuni, Guy Lafleur akasawazisha wakati wa adhabu hiyo, na Montreal wakashinda katika muda wa ziada. Msimu uliofuata Cherry hakuwa tena Boston.

Sehemu nyingine ambayo hakuna kozi inayoifundisha ni kumwambia mtu kwamba leo hachezi. Nilipopata ukocha mkuu nilidhani inatosha kuandika majina ubaoni. Siku moja beki wa miaka 33, aliyecheza kwa jasho lake kabla mimi sijajua kuwasha kompyuta ya video, alikuja ofisini kwangu akiwa ameshika viatu vyake vya barafu mkononi, akaniambia kwa upole, “Kocha, sina ugomvi na uamuzi wako, ila ningependa kuusikia kwa mdomo wako.” Tangu siku hiyo kila asiyepangwa namwita kabla ya mazoezi ya asubuhi, namweleza sababu moja ya kweli, na sipunguzi makali kwa ahadi nisizoweza kutimiza.

Sasa swali la pili, la kula hadi uzeeni. Kocha mkuu wa timu ya kulipwa anafukuzwa. Swali ni lini. Sababu yake si siri: msimu ukiharibika huwezi kubadilisha wachezaji zaidi ya 20 wenye mikataba, lakini mtu mmoja unaweza. Na wenye timu hutiwa moyo na mifano ya aina ya St. Louis, waliomwondoa kocha wao Novemba 2018, wakampa timu Craig Berube, wakawa wa mwisho katika ligi nzima mwanzoni mwa Januari 2019, kisha wakanyanyua Kombe la Stanley mwezi Juni. Mfano wa upande wa pili hutajwa mara chache: mwaka 2019 huohuo Tampa Bay walishinda mechi 62 za msimu wa kawaida, wakatolewa na Columbus katika raundi ya kwanza bila kushinda hata mechi moja, uongozi ukamwacha Cooper kazini, naye akaleta makombe ya mwaka 2020 na 2021. Kwa maoni yangu uongozi wa Tampa ulifanya jambo gumu zaidi kuliko ule wa St. Louis.

Mimi nilifungashiwa virago siku ya Jumatatu, baada ya kupoteza mechi 7 kati ya 9. Meneja mkuu aliniita kabla ya mazoezi na mazungumzo hayakufika dakika 5. Aliyepewa nafasi yangu alikuwa msaidizi niliyemwajiri mwenyewe, na timu ikashinda mechi 4 mfululizo, jambo ambalo, nakiri, liliniuma kuliko kufukuzwa. Mkataba uliendelea kunilipa hadi mwisho wa msimu, hivyo njaa haikuniuma, lakini mke wangu na watoto walihama nyumba kwa mara ya tano. Kazi niliyo nayo sasa niliipata kupitia kocha wa timu pinzani, aliyenipigia simu wiki 5 baadaye kwa sababu alikuwa ameona jinsi mabeki wangu walivyokuwa wakibadilishana.

Anayetaka kujua urefu wa safari hiyo amtazame Paul Maurice. Jicho lililoumia lilimkatizia uchezaji, akawa kocha mkuu katika NHL mwaka 1995 akiwa na miaka 28, akafukuzwa Carolina mara mbili na Toronto mara moja, akajiuzulu Winnipeg Desemba 2021, na Kombe la Stanley lake la kwanza akalipata mwaka 2024 akiwa na Florida, akaliongeza la pili mwaka 2025.

Kwa hiyo mpwa wako, kama goti linamruhusu kuteleza kwa mwendo wa mazoezi tu, atafute timu ya vijana ambayo haina mtu wa video, ajitolee msimu mzima, na aombe jambo moja la ziada: kusimama kwenye kilango cha mabeki siku za mechi. Wengi watamkubalia, maana hakuna anayeipenda kazi hiyo. Kipindi cha pili kikianza, asiwaite mabeki kabla paki haijavuka mstari mwekundu.