Jibu: Mwanangu wa miaka 3 haongei, hurudia tangazo la redio tu

Dada, nimelisoma swali lako mara tatu. Mtoto ana miaka 3, haitiki jina lake, hajawahi kukuita mama, lakini tangazo la sabuni la redioni analitoa neno kwa neno. Na mama mkwe anasema ni chanjo, au kuna kitu ulikosea ulipokuwa na mimba. Nami nimepita hapohapo. Wangu ana usonji (autism), sasa ana miaka 11, na tunaishi Mtwapa, Pwani ya Kenya.

Nianze na hilo tangazo, maana umelitaja kwa kupita tu. Wangu alikuwa na lake: "Mtwapa hamsini, Mtwapa hamsini!" kwa sauti ileile ya makanga, imekwaruza. Alilisema sokoni, alilisema hata matangani watu wakilia, nasi tukamkemea kwa aibu. Ilinichukua karibu mwaka kugundua kwamba hulisema akizidiwa na watu au kelele. Ndilo neno alilokuwa akilisikia kila tunapopanda matatu ya kurudi kwetu. Kumbe alikuwa akiniambia: mama, twende nyumbani. Nililia siku ile, dada, kwa mara zote nilizomnyamazisha.

Baadaye nikasoma kwamba watafiti wawili wa Marekani, Barry Prizant na Judith Duchan, walionyesha mwaka 1981 kuwa mwangwi wa watoto wenye usonji, yaani kurudia maneno waliyoyasikia, una kazi: kuomba, kukubali, kushika zamu yake katika mazungumzo. Kwa hiyo tafuta daftari. Kila akitoa tangazo, andika ni saa ngapi, nani yupo, na nini kilitokea kabla yake. Fanya hivyo wiki mbili.

Wakati huohuo mpeleke akapimwe masikio, hilo lisisubiri. Mtoto asiyeitika huenda hasikii vizuri, na lazima hilo lijulikane kwanza. Mrekodi kwa simu akiwa nyumbani, kwa kuwa mbele ya daktari atajificha nyuma yako na hutapata la kuonyesha. Ukiambiwa "wavulana huchelewa, ngoja," usingoje. Mimi niliambiwa hivyo nikapoteza mwaka mzima na nusu.

Sasa la mama mkwe. Hofu ya chanjo ilitokana na makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji kwa kutazama watoto 12 tu. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, naye akanyang'anywa leseni ya udaktari Uingereza. Mwaka 2019 Wadenmaki walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 650,000: waliochanjwa surua hawakupata usonji zaidi kuliko wasiochanjwa. Kinachotuchanganya ni umri. Kwetu Kenya mtoto hudungwa ya surua akiwa na miezi 9 na tena 18, na dalili nazo huanza kuonekana wazi karibu na wakati huo.

Na kosa la mama? Hata huko Marekani waliwahi kuwalaumu kina mama, eti hawana upendo wa kutosha. Mmoja wa waliolipinga hilo, mwaka 1964, alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji. Mwaka 1977 utafiti wa mapacha wa Uingereza ukaonyesha kwamba urithi una nafasi kubwa. Huku Pwani, Joseph Gona na wenzake wa Kilifi walichapisha mwaka 2015 yale waliyoambiwa na wazazi na wataalamu kuhusu chanzo cha usonji: majini, uchawi, laana, urithi, matatizo ya uzazi. Kwa hiyo mama mkwe hayuko peke yake. Usigombane naye. Mimi wangu nilimpa kazi ya kuandika pamoja nami kwenye daftari, na ndiye aliyegundua kwamba mjukuu wake huziba masikio kabla hata sisi hatujaisikia blenda ya jirani.

Hela za dawa ya kuponya usonji usimpe mtu yeyote. Haipo. Kilichotusaidia ni picha: kikombe, choo, kiatu, nilizozipiga kwa simu na kuzibandika kwenye mlango wa friji. Miezi minne alizipita kama hazipo. Kisha asubuhi moja akabandua ya kikombe, akanitia mkononi, akasimama ananitazama. Maji yalimwagika kwa jinsi nilivyotetemeka.

Ukishapata majibu ya masikio, rudi hapa uniambie. Na uniambie tangazo la sabuni hulisema wakati gani.