Magari ya Zamani Mbioni Nairobi: Namna ya Kuyatazama na Kuyapiga Picha

Ukitaja mbio za magari nchini Kenya, wengi huwaza Safari Rally ya Naivasha: helikopta angani, msongamano barabarani tangu usiku, na gari linalokupita mara moja likatokomea vumbini. Ushauri wangu ni uanzie kwingine. Nenda kwenye mbio za klabu, zile za Jumapili ambazo runinga hazizitangazi, ambako Ford Escort ya miaka ya sabini inateremshwa taratibu kutoka mgongoni mwa lori, na mwenye gari ndiye dereva na ndiye fundi. Pale utasogea karibu hadi unuse petroli. Ukiuliza swali utajibiwa. Na ukikosa picha, gari litarudi, maana uwanja ni mdogo na raundi ni nyingi.

Kwa mkaaji wa Nairobi, mbio hizi hazihitaji safari ndefu. Jamhuri Park, palepale panapofanyika maonyesho ya kilimo, pana historia ya mbio za autokrosi kwenye saketi fupi ya udongo, na ukitoka nje ya jiji kwa Mombasa Road utakuta viwanja vingine kwenye tambarare za Athi. Fuatilia kurasa za klabu zilizo chini ya Kenya Motor Sports Federation, na uhakikishe tena Ijumaa jioni, kwa sababu mvua moja kubwa inaweza kubadilisha kila kitu. Kama unataka kuyaona magari haya yakiwa yamesimama na yameng'arishwa hadi chini ya injini, yapo maonyesho ya Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Ni siku nzuri ya kujifunza maumbo yao. Lakini gari la mbio lililosimama limenyamaza, na mimi nalipenda likiongea.

Kabla hujaenda, jifunze kidogo unachokwenda kutazama. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikiitwa Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404. Joginder Singh, Simba wa Kenya, alishinda mwaka 1965 na Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alianza na Datsun 240Z mwaka 1973, halafu akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Ukiyajua haya, Datsun iliyofifia rangi pale uwanjani haitakuwa kigari cha zamani tu machoni pako. Na wazee waliokaa kwenye viti vya kukunja pembeni ya kamba watakufungulia hazina. Waamkie kwanza, keti nao, waache wasimulie. Wapo waliosimama kando ya barabara ya Nakuru wakiwa watoto wakimpungia Joginder, na hakuna lenzi inayokupa kitu kama hicho.

Sasa tuje kwenye kamera, na jambo la kwanza ni kutoiinua. Raundi mbili tatu za mwanzo zitazame kwa macho matupu. Sikiliza. Kila dereva ana mahali anapoachia mafuta, mahali anapobadilisha gia, na mahali gari linapokatiza karibu zaidi na nguzo ya kona. Sauti hukutangulizia habari: injini ya kabureta, kile kifaa cha zamani kinachochanganya petroli na hewa, hupiga kelele nzito, hukohoa dereva anapotoa mguu, kisha hunguruma tena. Ukishaizoea, utajua gari litatokea sekunde gani hata kama kichaka kimelificha. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi huipunguzia injini isiyo na turbo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, karibu asilimia 15 hadi 20 ya nguvu. Ndiyo maana utawaona mafundi wakihangaika asubuhi na jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopimia petroli, wakichomoa plagi na kuangalia rangi yake. Gari lisilorekebishwa hunyonya mafuta mengi kupita hewa iliyopo na kutoa moshi mweusi. Yote hayo ni picha, na pia ni dalili za nani atakayeenda vizuri siku hiyo.

Hapa ndipo napapenda kuliko pote: kila gari lina mkao wake kwenye kona. Escort husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo kwenye udongo mkia hutoka nje, na dereva huelekeza magurudumu ya mbele upande wa pili. Picha yake nzuri hupatikana ukisimama unapoyaona magurudumu hayo ya mbele yakitazama kinyume na kona. Mini ni tofauti kabisa. Husukumwa na magurudumu ya mbele, na ikikata kona kwa ukali gurudumu la nyuma la ndani huinuka hewani. Basi kwa Mini, kaa upande wa ndani wa kona, mbali kwa usalama, uchutame, ili ile nafasi kati ya tairi na ardhi ionekane. Porsche 911 imebeba injini nyuma, kwa hiyo dereva anapokanyaga mafuta akitoka konani, ni pua inayokuwa nyepesi na gurudumu la mbele la ndani ndilo linaloinuka. Nayo Peugeot 504 ina springi laini zenye mwendo mrefu. Huinama kama jahazi lililopata upepo, kisha huendelea bila wasiwasi juu ya mashimo yanayowarusha wenzake. Gari hilohilo ndilo lililowabeba wazazi wetu kwenda Nakuru na Kisumu. Nikiiona 504 ikiinama vile, siwezi kuipita bila kuipiga picha.

Usimame wapi? Usalama unatangulia, na hapa sina mzaha. Usisimame nje ya kona, upande ambao gari lingeelekea kama breki zingekataa. Usisimame mwishoni mwa sehemu iliyonyooka. Kaa nyuma ya kamba, na uwe na njia ya kukimbilia isiyozibwa na ua, mtaro au umati. Mwaka 1986 kwenye Rally ya Ureno, gari moja liliacha njia likaingia kwa watazamaji na watatu wakafa. Watu walikuwa wamejipanga hadi ukingoni mwa lami. Magari yetu ya klabu ni ya polepole zaidi, lakini yana vyuma vya miaka hamsini. Kiungo cha usukani kinaweza kukatika bila kumwonya mtu. Hatari kubwa kwa mpiga picha ni kwamba ukiangalia kupitia lenzi ndefu, ni vigumu kukadiria gari liko umbali gani, na unarudi kinyumenyume bila kujua unakanyaga nini. Nenda na mwenzako akusimamie mgongoni. Mlinzi wa njia akipuliza filimbi, ondoka kwanza ndipo uulize. Kama unataka kuingia maeneo ya ndani, waombe waandaaji mapema, wakupe kizibao na maelekezo. Kwenye mbio ndogo mara nyingi hukubali wakiombwa kwa heshima. Droni iache nyumbani kama huna kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na ruhusa ya waandaaji.

Baada ya usalama, upepo. Simama upande upepo unakotoka, ili vumbi la gari liende mbali nawe. Chukua majani makavu kidogo, yaachie hewani, utajua. Wanaosimama upande wa pili hupata picha moja ya gari la kwanza, kisha ukungu mwekundu hadi mchana.

Mwanga wa Nairobi ni mkali kwa sababu tuko karibu kabisa na ikweta. Kuanzia saa nne hivi asubuhi jua huwa juu sana, na ikifika adhuhuri uso wa dereva chini ya paa la gari huwa kivuli kitupu. Picha za mbio zipige mapema, au baada ya saa kumi, vumbi linapowaka rangi ya dhahabu na jua liko nyuma ya gari. Saa za katikati tumia kukaa kwa mafundi. Msimu nao una neno lake. Januari na Februari kuna vumbi na anga ya buluu. Aprili ni matope: udongo mwekundu wa upande wa Ngong Road utakuacha na viatu vizito, ila ule mweusi wa Athi ukilowa hunasa hata gari lako la kwenda nyumbani. Julai ndiyo nipendayo, ingawa watu huilalamikia kwa baridi. Mawingu ya Julai hutandaza mwanga sawasawa, rangi za zamani hutulia, na unaweza kupiga picha siku nzima.

Kosa ninaloliona kila mara kwenye picha za watu ni kuganda kwa magurudumu. Mtu anaweka shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, kuwa 1/2000 ya sekunde, gari linatoka safi kabisa, lakini tairi haionyeshi dalili ya kuzunguka. Utadhani limeegeshwa pale. Punguza kasi ya shata na ulifuate gari kwa mwili wako. Panga miguu ielekee pale utakapobonyeza, kisha geuza kiuno kulipokea gari linapokuja, lifuate kwa mwendo uleule, bonyeza likiwa mbele yako kabisa, na usisimame. Endelea kulifuata hata baada ya kubonyeza. Anza na 1/250, ukizoea shuka 1/125, halafu 1/60. Picha nyingi zitaharibika, na hiyo ni kawaida ya kazi hii. Jua likiwa kali, hata ISO 100, kiwango cha chini cha kamera kuhisi mwanga, huacha mwanga mwingi mno kwa shata ya 1/60, na hapo filta ya polaraiza husaidia mara mbili: hupunguza mwanga na hutoa mng'ao wa kioo cha mbele ili dereva aonekane. Weka fokasi iwe ya kufuatilia mfululizo, ile inayoandikwa AF-C au AI Servo kulingana na kamera.

Lenzi ya milimita 70-300 ya bei ya kawaida inatosha mbio hizi. Huna haja ya mzinga wa lenzi unaotumiwa Naivasha. Mwenye simu pia asikae nyuma: asivute zuumu ya kidijitali, badala yake achague mahali gari linapopita polepole, kama mwanzoni mwa mbio au kona kali, aishike simu kwa mikono miwili na kutumia upigaji wa picha mfululizo. Na akaribie mafundi, ambako simu hushindana na kamera yoyote.

Huko kwa mafundi ingia kama mgeni anavyoingia nyumbani kwa watu. Salimu kabla ya kupiga picha. "Habari ya kazi, fundi? Naruhusiwa?" Maneno hayo machache hufungua mengi. Ukimwona fundi amelala chini ya gari na dakika zimebaki chache kabla ya raundi, usimzibie mwanga, usikanyage spana zake, wala usimuulize mwaka wa gari. Subiri. Akimaliza atafuta mikono, na ule wakati wa kufuta mikono, akiangalia injini aliyoiamsha, una picha bora kuliko gari likiruka. Piga mikono. Piga dashibodi yenye swichi zilizoandikwa kwa kalamu. Piga kopo la oili lililogeuzwa faneli. Watoto wapige baada ya mzazi kukubali, na picha za gari lililopinduka zisiende mtandaoni kabla familia ya dereva haijajua kuwa yuko salama.

Kuhusu vifaa, usibadilishe lenzi uwanjani. Vumbi letu hupenya popote. Beba kipulizio, na usipanguse kioo cha lenzi kwa shati, kwa sababu chembe hizo hukwaruza. Kofia, maji, na viatu vya kufunika. Watoto wawekee kitu masikioni.

Ukirudi nyumbani, zichambue picha siku hiyohiyo wakati bado unakumbuka nani alikuwa nani. Andika kwenye jina la faili tarehe, uwanja, aina ya gari na namba yake ya mbio. Mbio za klabu haziandikwi magazetini, na gari likiuzwa au kuvunjwa, picha zako zinaweza kuwa ndizo kumbukumbu pekee za jinsi lilivyokimbia. Watumie wenye magari. Wengi hawajawahi kujiona wakiendesha. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, maana picha ya kawaida hubanwa hadi maandishi ya ubavuni hayasomeki, na mwenye Datsun akitaka kuichapisha kubwa aitundike karakana kwake atahitaji faili kamili.