Mchana najinyima, usiku nafakamia: nina dawa?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24. Huu mwaka wa tano najinyima chakula mchana kutwa, usiku nafakamia kila nikionacho mpaka tumbo linauma, kisha naenda kujitapisha. Juzi daktari wa meno aliniuliza polepole kama huwa natapika, maana meno yangu ya mbele yamelika kwa nyuma. Nilikana. Kila Jumatatu naapa kuacha. Kuna tiba, au ni ulegevu wangu tu?
Mwenye haya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unaumwa, na ugonjwa wako unaitwa bulimia. Daktari Gerald Russell aliueleza mwaka 1979 huko London, na tiba zake zimechunguzwa sana tangu hapo.

Mimi niliugua huo huo. Daftari langu la siku za matibabu bado ninalo. Ukurasa wa kwanza nimeandika: “Saa 4 usiku, tena. Nimegombana na mama. Sijala tangu jana.” Mtaalamu wa saikolojia aliweka kidole kwenye yale maneno matatu ya mwisho, akanyamaza.

Nilidhani ataniambia niache kutapika. Akaniambia nile: milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, nisikae kwa muda wa zaidi ya saa nne bila kitu, njaa iwepo isiwepo. Nikalia mbele yake, nikaona anataka kuninenepesha tu. Lakini mwili ulionyimwa mchana hudai deni lake usiku, tena kwa riba. Nilipoanza kula kwa saa, usiku wangu ukatulia kidogo kidogo.

Hiyo ndiyo tiba ya fikra na tabia, na kwa watu wazima ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi. Kwa kawaida huwa vikao 20 hivi, katika wiki 20. Ratiba ya kula ikishasimama, mnageukia vyakula ulivyojiharamishia na ile mizani unayoipa mamlaka ya kukuambia wewe ni nani. Wengine huanza na kitabu cha kujisaidia wakiongozwa na mtaalamu. Vijana wadogo hutibiwa pamoja na wazazi wao. Dawa pia ipo, fluoksetini, mara nyingi miligramu 60 kwa siku. Hupunguza kufakamia, ila ikiwa peke yake mara nyingi haitoshi. Usijinunulie; aandike daktari, naye ajue una bulimia, kwani dawa nyingine ya sonona, bupropioni, yaweza kukuletea degedege.

Ila wiki hii hii kapime damu. Kutapika hupunguza potasiamu mwilini, na ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika, hata kama uzito wako ni wa kawaida na hakuna anayekushuku. Ukizimia, moyo ukidunda ovyo, au ukitapika damu, hiyo ni dharura, usingoje miadi.

Na rudi kwa yule daktari wa meno. Alikuuliza polepole kwa sababu alishaona. Kwa sasa, ukitapika usipige mswaki papo hapo, kwani asidi imelilainisha jino. Sukutua kwa maji.

Utateleza, mwanangu. Mimi niliteleza mara nyingi hata nilipodhani nimepona. Siku hiyo usijiadhibu kwa kufunga: mlo unaofuata ule kwa saa yake.

Ulimi ukiwa mzito mbele ya daktari, mpe asome barua uliyoniandikia. Yote anayohitaji kuanzia yamo.