Malaria, kazi ya Mtumba na kilomita 42

Ndugu, umeuliza kama mtu aliyetoka kuugua malaria, na anayetoka kazini Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, usiku, anaweza kujiandaa na marathoni kwa miezi mitano. Kwanza kapime wingi wa damu. Mimi baada ya malaria nilidhani uchovu wangu ni uvivu, kumbe damu ilishuka. Mlima wa kwenda UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) nilikuwa naupanda nimeshika kiuno. Daktari akanizuia wiki tatu. Nikanuna, nikatii.

Ukiruhusiwa, siku tatu kwa wiki zinatosha. Mbili za dakika 40, saa kumi na moja alfajiri, kabla upepo wa Dodoma haujakujaza vumbi puani. Jumapili ndiyo ya mbio ndefu: anza na kilomita 8, ongeza moja kila wiki, ya nne punguza. Kasi iwe ile unayoweza kupiga soga. Ukishindwa kuongea, tembea (bodaboda watakucheka, wazoee). Siku za joto mimi hubeba juisi ya ubuyu yenye chumvi kidogo.

Kwa hesabu hiyo miezi mitano inakufikisha kilomita 21. Ile 42.195 ningeiacha ya mwakani. Goti likiuma siku mbili mfululizo, lala tu.