Acha kununua ripita, vuta waya

Juzi kuna ndugu kaniandikia inboksi, "Kaka, nimeshanunua ripita mbili na bado mtoto akiwa chumbani kwenye kipindi cha onlaini picha inaganda, ninunue ya tatu?" Nimemwambia usinunue. Ripita ni kile kifaa kinachopokea waifai na kuirusha tena mbele. Ila nikaona niandike na hapa, maana najua wengi wenu mna ndoto kama yangu, nyumba yenye seva yake, kamera zake, muvi zinacheza sebuleni bila kugusa bando, na wote mnakwama palepale kwenye waifai.

Ripita nyingi za bei rahisi zina redio moja tu, inapokea na kurusha kwa zamu kwenye chaneli ileile, kwa hiyo spidi inapungua karibu nusu hata kabla hujahesabu ukuta. Ukiweka ya pili nyuma ya ya kwanza ndo umemaliza kabisa. Waya hauna habari na tofali. Waya wa kawaida wa mtandao, ule wa Cat5e, unabeba gigabiti 1 kwa sekunde mpaka mita 100, na hapa kwetu Mbagala sijaona nyumba yenye urefu huo.

Mimi nilianza na kompyuta ya mtumba ya Kariakoo, ile midogo ya ofisini, nikaipiga Linux (mfumo endeshi wa bure) nikaweka Jellyfin, programu ya kurusha muvi zako mwenyewe mpaka kwenye TV, ndo ikawa seva. Shemeji akawa ananiita muuza vyuma chakavu, sikumjibu. Nikamwita fundi anivutie waya darini mpaka kwenye TV. Akamaliza, akachomeka kitesta chake, taa zote nane zikawaka, akachukua hela. Basi TV ikawa inashika gigabiti kidogo, inashuka mega 100, inakata, inarudi. Nilipomuuliza kuhusu mpangilio wa rangi akaniambia mbele ya mke wangu, "rangi urembo tu, ilimradi pande zote mbili zifanane, we umesomea wapi?" Iliniuma, na siwezi kusema imeisha.

Sasa sikilizeni, maana hiki kitu mafundi wengi mtaani wanakirudia. Rangi si urembo! Ndani ya waya wa mtandao mna nyaya ndogo nane, yaani jozi nne, na kila jozi imesokotwa ili kelele inayoingia waya mmoja ifutwe na mwenzake. Nyaya zinazokaa nafasi ya tatu na ya sita kwenye kichwa lazima ziwe zile zilizosokotwa pamoja, ukizipanga rangi unavyojisikia umeitenganisha jozi, na kitesta cha taa hakitakwambia kwa sababu chenyewe kinaangalia tu kama umeme unapita. Mpangilio unaoitwa B (T568B) ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili.

Nikanunua koleo la kubania na vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vya mwisho wa waya, nikakata vichwa vyote alivyofunga fundi, nikakrimpi (nikabana) upya mwenyewe, TV ikakaa kwenye gigabiti na haijashuka tena. Shemeji siku hizi anakuja kwangu kuangalia mpira.

Na waya wenyewe uangalie kabla hujalipa. Kuna roli zinauzwa rahisi sana, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mwaka wa kwanza poa, ukianza kuukunjakunja unakatika ndani. Kwangua kwa kisu, ukiona weupe chini rudisha. Shaba tupu inabaki nyekundu mpaka ndani, na roli lake ni zito mkononi. Jamani msione uvivu kukwangua, muuzaji akikasirika nenda duka la pili, hela ni yako. Na msikubali kuambiwa umesomea wapi, someni, shikeni koleo, haribuni vichwa viwili vitatu, ni bei ya chapati hivyo.

We uliyeniandikia, vuta waya mmoja tu kutoka kwenye rauta mpaka chumbani kwa mtoto, upitishe mbali na nyaya za umeme, kwa nini usubiri? Ripita yako moja usiitupe, angalia kama ina tundu la LAN (la kuchomeka waya wa mtandao), iweke kwenye hali ya akses pointi, yaani ichukue intaneti kwenye waya na kurusha waifai tu, chomeka huo waya. Rauta ikiwa chaneli 1, hiyo ripita iweke 6 au 11 ili zisiingiliane. Ukishamaliza nitumie picha ya vichwa vyako kabla hujakrimpi, nitakuangalizia rangi.