Thailand kaskazini: usiku 8 kwenye gesti ya mama mmoja mjini Nan

Mkuu uliyeuliza kama Thailand kuna sehemu ya kwenda na shemeji isiyo na zile fujo za starehe za Pattaya na Phuket kule pwani, mji mdogo kule kaskazini, kulala gesti siyo hoteli kubwa, na kama mtu mweusi halafu Muislamu hatasumbuliwa, ngoja nikujibu kwa kirefu. Wengi waliokujibu kwenye mada yako wamefika Bangkok, wamefunga mizigo ya nguo pale Pratunam wakageuza, kaskazini hawajui.

Kwanza hilo neno gesti. Kibongo bongo ukisema umelala gesti watu wanakuangalia pembeni, wanawaza mambo ya kuingia saa nane na kutoka saa kumi, chumba kina kitanda na ndoo na kandambili zilizokatwa kona ili zisiibiwe. Kule gesti ndogo ni nyumba ya mtu. Yaani watoto wameoa wakahama, vyumba vya juu viko tupu, mwenye nyumba anaviweka feni na shuka safi anapokea wageni, yeye na mume wake wanalala chini. Hilo ukilielewa mapema utafurahi, usipolielewa utalalamika siku zote kwamba hakuna mapokezi, hakuna mtu wa kukubebea begi, na usiku geti linafungwa.

Mimi nilienda Desemba 2024. Nilikuwa nimepeleka mawe ya vito Bangkok, spinel za Mahenge, mnunuzi wangu wa mtaa wa Silom akaniambia nisubiri siku nane tisa hivi mpaka bosi wake arudi ndo hela itoke. Hoteli ya Bangkok ilikuwa inanikausha, nikamuuliza dada mmoja wa pale ofisini, nyumbani kwenu wapi, akasema Nan, nikamuuliza kuna nini huko, akasema hakuna kitu. Nikasema basi huko huko.

Basi unapanda stendi ya Mo Chit pale Bangkok, ni kama kilomita 670, sawa tu na Dar kwenda Arusha na kidogo, linatembea usiku kucha. Chukua koti aisee. AC ya basi la Thailand haina huruma, blanketi wanagawa lakini jembamba kama kanga, mimi nilishuka saa kumi na moja alfajiri meno yanagongana nikadhani nje nitapata joto, wapi, Desemba kule asubuhi ni baridi ya Arusha mwezi wa saba. Ila kitu cha kwanza nilichokiona pale mjini sikukitegemea: mstari wa watawa wamevaa nguo za rangi ya manjano iliyoiva, miguu peku kwenye lami ya baridi, wanapita nyumba kwa nyumba na vyungu vyao, watu wamepiga magoti mlangoni wanawawekea wali. Hakuna anayeongea. Nilisimama na begi langu kama mwizi.

Sasa gesti. Ya kwanza niliyoiona kwenye simu ilionyesha vyumba vitatu viko wazi, nimefika mezani nimesimama naambiwa vimejaa. Sitasema ni ubaguzi na sitasema siyo, jina lake silitaji, na sikubishana. Nimetembea kama dakika kumi kuelekea mtoni nikaona nyumba ya mbao ya ghorofa moja, chini ukuta wa tofali, kibao kimeandikwa kwa mkono. Mama wa makamo ya kwenda uzeeni anafagia majani. Nikamwonyesha ishara ya kulala, akacheka, akaniita ndani. Chumba cha feni baht 450, wakati ule baht moja ilikuwa kama shilingi 70, kwa hiyo unalala kwa elfu thelathini na moja na kitu, na baiskeli bure. Nilipomwambia nakaa usiku nane akashusha mwenyewe mpaka 400 bila mimi kufungua mdomo. Usianze kupiga bei kama uko Kariakoo, sema idadi ya siku halafu nyamaza.

Akaomba pasipoti akaipiga picha. Usiogope hiyo, sheria inamtaka mwenye nyumba aripoti mgeni wa nje kwa uhamiaji ndani ya saa 24. Na kusema kweli ni afadhali kuliko vile vitabu vyetu vya wageni vinavyokuuliza mpaka kabila na unakokwenda.

Kilichofuata ndo kilinifanya nijisikie nyumbani. Kabla hajaniuliza jina aliniuliza umri, kwa vidole na kwa apu ya kutafsiri. Nikaona mbona anauliza umri, kumbe Wathai bila kujua umri hawajui wakuiteje, mkubwa kidogo anaitwa phi, mdogo nong, mwanamke wa rika la dada mkubwa wa mama yako ni pa. Kwa hiyo yeye kwangu ni Pa, mama mkubwa, na mimi nikawa luk, mwanangu. Asubuhi unakunja viganja kifuani unainamisha kichwa, mdogo ndo anaanza, sasa sisi tuliokua na shikamoo hapo kuna kipya gani? Nilikuwa naanza mimi kila siku, na Pa alikuwa anawasimulia majirani.

Viatu vinabaki chini ya ngazi. Mimi navaa namba 45. Pale chini kulikuwa na kandambili saba ndogo ndogo zimepangwa, halafu buti zangu mbili kama mitumbwi. Kila nikishuka nakuta mtu amezigeuza, vidole vimeangalia nje, nivae tu niondoke. Siku ya tatu nikamfuma mjukuu wake, mtoto wa kama miaka sita, ameingiza mguu mzima mpaka gotini ndani ya buti moja anajaribu kutembea.

Ukutani pale chini kuna mstari wa kahawia, unanifika kifuani, na pembeni yake kwa penseli imeandikwa 2567. Nilidhani namba ya nyumba. Kumbe ni mwaka, wao wanahesabu kalenda yao ya Kibudha, ongeza 543 kwenye mwaka wetu, kwa hiyo 2024, mafuriko ya Agosti, mto Nan uliingia mjini. Maji yalipofika ndo hapo. Alinionyesha friji jipya, kabati jipya, halafu akaonyesha juu ya ngazi, wageni na wao wenyewe walikaa huko. Akamaliza kwa lile neno lao mai pen rai, sawa na kusema haina neno, akaendelea kumenya vitunguu saumu. Na mwaka uliofuata, Julai 2025, mto ulifurika tena. Kwa hiyo miezi ya mvua kuanzia wa sita mpaka wa kumi mimi nisingeenda. Februari mwishoni mpaka Aprili nayo hapana, wanachoma mashamba, kaskazini nzima ni moshi, macho yanawasha. Novemba mpaka Januari ndo wakati wake.

Kuhusu geti, hii nisikilize. Siku ya kwanza Pa alionyesha geti, akainua vidole vinne, akasema si thum. Mzungu mmoja wa chumba cha pili akadhani ni saa kumi jioni kwa saa yetu, yaani ile Wazungu wanayoiita nne, akawa anahangaika anauliza mbona mapema hivyo. Mimi nikaelewa hapo hapo. Wathai wa kawaida usiku wanahesabu kama sisi! Saa moja usiku kwao ni nueng thum, yaani moja, saa mbili ni song thum, mbili, kwa hiyo si thum ni nne ya usiku. Nikamtafsiria mzungu nikajiona mtaalamu.

Jumamosi mtaalamu huyo huyo akachelewa. Ijumaa mpaka Jumapili jioni wanafunga barabara mbele ya hekalu la Wat Phumin, kunakuwa na soko la chakula, unanunua vyako unakaa chini kwenye mkeka na kimeza kifupi cha mduara, familia nzima nzima zimekaa, muziki wa taratibu, nikajisahau. Nafika getini saa tano na nusu. Limefungwa, mbwa wa jirani na ndugu zake wote wameamka. Pa akatoka amejifunga blanketi na tochi, nywele amefungua, akafungua geti, hakusema neno hata moja, akanionyesha ngazi. Sikulala vizuri kwa aibu. Asubuhi nafungua mlango nakuta ufunguo wa geti umening'inizwa kwenye kitasa kwa uzi mwekundu. Hakuligusia jambo lile mpaka naondoka.

Chakula kwa Muislamu ni kazi, nisikudanganye. Kaskazini nguruwe yuko kila mahali, kwenye soseji zao za sai ua, kwenye supu ya tambi ya nam ngiao ambamo wanaweka mpaka damu, hata mboga inakaangwa na nyama yake. Jifunze maneno mawili kabla ya salamu: mu ni nguruwe, na mai sai mu ni usiweke nguruwe. Mimi niliishi kwa samaki, mayai na matunda. Samaki wa kuchoma wanampaka chumvi mwili mzima mpaka anakuwa mweupe, mdomoni wamemsokomeza mchaichai, unabandua ngozi na chumvi yake nyama inabaki laini, hiyo nilikula karibu kila siku. Pa nilipomweleza kwa apu alifikiri kidogo, akaenda nyuma akarudi na kikaango kipya bado kina lebo, akakitundika peke yake upande wa pili wa jiko. Kuna kuku wa kukaanga na makhwaen, kiungo cha huko huko Nan kinachofanya ulimi ufe ganzi, watu wanamsifia sana, mimi kwa sababu ya kuchinja sikumla, nilinusa tu.

Ila wali wa kunata! Unakuja kwenye kikapu kidogo cha mwanzi, unakula kwa mkono, unafinyanga tonge unachovya. Wazungu wanahangaika na kijiko. Mimi nilifinyanga kama ugali, nikabonyeza shimo kwa dole gumba, nikachotea mboga, mume wa Pa alicheka akaniita nirudie mbele ya jirani. Na lingine la kukufurahisha, chooni kuna mpira wa maji, kila mahali, hata stendi. Karatasi usitupe chooni, weka kwenye ndoo.

Kutembea, mji unaumaliza kwa baiskeli. Wat Phumin ni ya 1596, ndani kuna Buddha wanne wamepeana mgongo kila mmoja anaangalia upande wake, na kutani michoro ya mwishoni mwa karne ya 19, ule maarufu ni wa mwanaume mwenye chale za mwili anamnong'oneza mwanamke sikioni, utauona kwenye fulana za mji mzima. Mchana nilikaa pale sakafuni kama saa nzima maana kuna ubaridi na hakuna anayekufukuza. Makumbusho ni jumba la watawala wa zamani, lilijengwa 1903, Nan ilikuwa na wafalme wake mpaka wa mwisho alipofariki 1931, na wana pembe ya tembo nyeusi wanayoitunza kama roho ya mji. Vuka daraja, pandisha kilima uone Wat Phra That Chae Haeng, mnara wa dhahabu, nenda jioni jua likiwa limelala. Pikipiki ukikodi beba leseni ya kimataifa, polisi wanasimamisha.

Kuangaliwa utaangaliwa. Mweusi kule ni mgeni kweli, watoto wanakukodolea macho, bibi mmoja sokoni alinishika mkono akasugua kidogo kwa dole kuona kama rangi inatoka, halafu akanipa ndizi. Mimi sikukasirika, mwingine angekasirika, hilo upime mwenyewe na shemeji. Lililonikera zaidi ni uwanja wa ndege Bangkok, maswali mengi, onyesha hela, onyesha tiketi ya kurudi, wakati waliokuwa mbele yangu wamegongewa muhuri tu. Kwa hiyo chapisha karatasi zote, viza chukua mapema ukiwa nyumbani, kadi ya njano ya chanjo usiisahau, na kuanzia Mei 1, 2025 kuna fomu ya kuingia nchini unajaza mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, ni bure, usimlipe mtu. Hela toa mara moja nyingi, mashine kila ukichomoa inakula baht 220 au zaidi, na gesti hizi wanataka keshi.

Siku ngapi? Wewe una siku kumi, mimi kati ya hizo ningekaa Nan sita. Siku mbili za kwanza utaboreka, saa tatu usiku mji umelala, unasikia mijusi darini. Siku ya tatu nilianza kuamka mwenyewe kabla ya watawa kupita.

Njoo inbox nikuelekeze nyumba ilipo, siweki hapa maana vyumba ni vinne tu. Ukifika ukakuta ule ufunguo wa uzi mwekundu, mwambie Pa yule luk wa viatu vikubwa anamsalimia, halafu rudi kabla ya saa nne.