Nitakwenda Tarnetar kutazama miavuli

Mmetuuliza wiki hii: ukipewa nauli ya kwenda kuona sherehe ya dini isiyo yako, utakwenda wapi? Mimi ni fundi cherehani, Muislamu wa Mombasa, na nitakwenda Tarnetar.

Ni kijiji cha Saurashtra, jimbo la Gujarat, India, pande hizo hizo walikotoka wazee wa wengi wenye maduka hapa kwetu pwani. Pana hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, mwenye macho matatu, na kila mwaka, Agosti au Septemba, watu hufurika kwa siku tatu. Waliokwenda kwa ibada huoga katika birika la hekalu, wakiamini ni sawa na kuoga mto Ganga, mto wao mtakatifu. Wenyeji husimulia kuwa hapo ndipo Arjuna, shujaa wa utenzi wa Mahabharata, alipolilenga jicho la samaki kwa mshale huku akitazama taswira yake majini, akampata Draupadi kuwa mke. Basi hata vijana wa leo huenda kutafuta wachumba, ila badala ya upinde hubeba mwavuli.

Na mwavuli wenyewe sasa! Hutariziwa mwaka mzima na zaidi: nyuzi, shanga, lesi, na vioo vidogo vidogo. Hivyo vioo ndivyo vinavyoniita mimi. Kioo hakina tundu la kupitisha sindano. Niliwahi kuvibandika kwa gundi kwenye gauni la bibi harusi. Hata jukwaani hajafika, vikaanza kudondoka, watoto wanaviokota. Aliyenifunza ni mama mmoja wa Kigujarati, mteja wangu. "Fundi, kifunge kwanza," akaniambia. Akapitisha uzi juu ya kioo mara mbili huku, mara mbili kule, kama nondo za dirisha. Kisha akaushona pembeni kwa kuzunguka, kila mshono ukizivuta zile nondo nje, mpaka kioo kikabaki katikati ya duara safi. Hicho ni kimoja. Piga hesabu ya mwavuli mzima.

Sketi za wanawake wa Kirabari, jamii ya wafugaji wa huko, nazo zina lugha yake: nyekundu, hajaolewa, nyeusi, ana mume. Kanga zetu zahitaji maandishi kusema, zao rangi tu yatosha.

Ngoma nitaitazama baadaye. Nikifika, kwanza nitamwomba kijana mmoja anigeuzie mwavuli wake, niyaone mafundo ya upande wa ndani.